Maswali ya mazoezi ya PLAB 1: jinsi ya kuyafanyia kazi hadi yakufundishe

Mara ya kwanza nilipofanya PLAB 1, sehemu ya kwanza ya mtihani wa madaktari waliosomea nje wanaotaka kusajiliwa Uingereza, nilikuwa nimepitia maswali ya mazoezi zaidi ya elfu tatu, nikafeli. Mara ya pili sikufika hata nusu ya hayo, nikafaulu. Katikati hapo sikununua kitabu kipya wala sikuhudhuria kozi yoyote. Kilichobadilika ni kile nilichokuwa nikifanya baada ya kujua kwamba nimepata au nimekosa. Ninaandika kwa ajili ya daktari wa Tanzania, Kenya au kwingineko kwetu anayejiandaa huku bado anaingia zamu, na ambaye kwa siku akibahatika ana saa mbili za kusoma.

Mtihani wenyewe kwa ufupi

PLAB inasimamiwa na GMC, baraza linalosajili madaktari Uingereza. Sehemu ya kwanza ni maswali 180 kwa saa 3. Kila swali lina kisa kifupi na majibu matano ya kuchagua, na unatakiwa kuchukua lile lililo bora kuliko mengine. Ukikosa hukatwi alama. Sehemu ya pili hufanyika Manchester, ni vituo 16 vya kuwahudumia wagonjwa wa kuigiza, na siigusi hapa. Kiwango kinachopimwa ni cha daktari anayeanza mwaka wa pili wa kazi baada ya kuhitimu, ambaye huko humwita F2. Tangu 2024 maudhui yanafuata ramani ileile ya mtihani wa leseni wa wanafunzi wa udaktari wa Uingereza.

Shika mambo mawili hapo. Kwanza, majibu matano yanaweza yote kuwa na ukweli ndani yake, na kazi yako ni kupima lipi linatangulia. Pili, unayeulizwa ni daktari mdogo wa zamu. Ukijikuta unachagua upasuaji mkubwa au dawa ya kibingwa, rudi usome kisa upya.

Anza na sentensi ya mwisho

Soma swali lenyewe kabla ya kisa. Kisa kilekile cha mgonjwa kinaweza kufuatwa na "ugonjwa upi unaelekea zaidi?", "kipimo kipi ufanye kwanza?", "kipimo kipi kitathibitisha?" au "hatua gani inayofuata?", na kila moja lina jibu lake. Nilipofeli nilikuwa mtu wa kusoma kisa, kutambua ugonjwa, kufurahi, kisha kuchagua jibu linalofanana na ugonjwa huo. Nilikuwa najibu swali ambalo sikuulizwa.

Ukishajua kinachotafutwa, soma kisa mara moja kwa utulivu. Kisha funika majibu kwa mkono, useme la kwako kwa maneno yako. Ndipo ufunue. Kama ulichosema kipo, chukua. Kama hakipo, usilazimishe. Rudi kwenye kisa utafute ulichoruka: umri, ujauzito, dawa anazotumia, muda tangu dalili ianze. Waandishi wa maswali haya hawapotezi maneno. Wakikuambia mgonjwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hiyo warfarini itafanya kazi mahali fulani.

Swali moja lifanyie kazi mpaka mwisho

Tuchukue kisa nilichokitunga mwenyewe.

Mwanamke wa miaka 19 mwenye kisukari aina ya kwanza ameletwa idara ya dharura baada ya kutapika kwa siku mbili. Sukari ni 31 mmol/L, ketoni za damu 5.8 mmol/L, pH 7.12, potasiamu 5.9 mmol/L. Presha 88/50, mapigo 128 kwa dakika. Hatua ipi ifanyike kwanza? Majibu: insulini ya mishipa kwa kipimo cha uniti 0.1 kwa kilo kwa saa, mililita 500 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ndani ya dakika 10 hadi 15, baikaboneti, dripu yenye potasiamu, antibayotiki.

Kila daktari ataona ketoasidosi ya kisukari, yaani damu kujaa asidi kwa kukosa insulini. Wengi mkono utakwenda kwenye insulini, maana insulini ndiyo tiba. Lakini namba ya juu ya presha iko chini ya 90, na mtu wa namna hiyo maji yanamtangulia kila kitu. Jibu ni maji ya chumvi.

Hapo watu wengi hubonyeza "endelea", na hapo ndipo kazi inapoanza. Chukua majibu manne yaliyobaki, na kwa kila moja useme kwa sauti: hili lingekuwa sahihi lini? Insulini ingekuwa sahihi kama presha ingekuwa 115 na maji tayari yanakwenda. Potasiamu hapa haitiwi kwa sababu 5.9 imevuka 5.5, ingekuwa kati ya 3.5 na 5.5 ungeweka mmol 40 kwa kila lita, kwa kuwa insulini itaisukuma potasiamu ndani ya seli na moyo utaumia. Ingekuwa chini ya 3.5, ungemwita mkubwa wako, kwa sababu mgonjwa anahitaji potasiamu zaidi ya ile ambayo dripu ya kawaida inabeba. Baikaboneti haitumiki kama jambo la kawaida katika hali hii hata pH ikitisha. Antibayotiki zingeingia kama kisa kingetaja homa na chanzo cha maambukizi.

Kisha badilisha kitu kimoja ndani ya kisa na ujiulize tena. Tuseme matibabu yameanza, na baada ya saa kadhaa sukari imeshuka hadi 13 lakini ketoni bado ziko juu. Unasimamisha insulini? Hapana. Sukari ikishuka chini ya 14 unaongeza dripu ya glukosi ya asilimia 10, na insulini inaendelea, kwa sababu inayotibiwa ni asidi wala siyo sukari peke yake. Swali moja limekupa matano, na hayo manne ya ziada umeyatunga wewe, kwa hiyo hutayasahau upesi.

Kazi hii inachukua muda. Maswali 30 niliyajibu kwa dakika 30, kisha nikayapitia kwa saa moja na nusu. Uwiano huo usiogope. Ukiona unapitia haraka kuliko ulivyojibu, unahesabu maswali tu.

Yapitie pia uliyoyapata. Ukikisia ukapata, hesabu umekosa. Nilikuwa naweka nukta pembeni ya kila jibu nililosita, kabla sijaangalia kama ni sahihi. Nukta hizo zilinieleza ukweli kuliko asilimia.

Swali linakaa katika nchi yake

Hili ndilo lililonifelisha zaidi, na silioni likielezwa vya kutosha kwa madaktari wa kwetu.

Kijana wa miaka 27, mzaliwa na mkazi wa Leeds, ana uvimbe shingoni kwa wiki nane. Hauumi, ni mgumu kama mpira. Anatoka jasho usiku, amepungua kilo sita na mwili unamwasha. Kipimo kipi kitathibitisha ugonjwa? Daktari aliyekulia wodi zetu atasema kifua kikuu cha tezi kabla hajamaliza kusoma, na katika wodi yake hatakuwa amekosea kuanzia hapo. Lakini kijana huyu ni wa Leeds, anawashwa mwili, na tezi ni ya mpira. Limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, inatangulia, na kinachothibitisha ni kuitoa tezi yenyewe ikasomwe maabara. Kuvuta kwa sindano nyembamba hakutoshi, kwa sababu daktari wa patholojia anahitaji kuona mpangilio wa tezi, na sindano inaleta seli zilizotawanyika.

Sasa badilisha: kijana alifika Leeds miaka miwili iliyopita kutoka nchi yenye kifua kikuu kingi, tezi zimeshikana, moja imetoboka inatoa usaha. Hapo uzoefu wako umerudi kuwa na thamani.

Vivyo hivyo mzee wa miaka 68 mwenye upungufu wa damu wa madini ya chuma. Kwetu unafikiria safura na lishe. Huko saratani ya utumbo mpana ndiyo inayotafutwa mpaka ithibitike kuwa haipo, na daktari wa familia ataanza na kipimo cha choo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, kisha rufaa ya haraka kulingana na matokeo. Homa kwa mtu ambaye hajasafiri popote haianzi na malaria. Homa kwa aliyerudi kutoka Ghana wiki mbili zilizopita ni malaria hadi ithibitike vingine, na hapo usikubali mtu akupite.

Kwa hiyo kabla hujachagua, jiulize: mgonjwa huyu anaishi wapi, na pale anapoishi kipi ni cha kawaida? Unachojua hakijawa kibaya. Kimehamishiwa mahali ambapo uzito wa kila ugonjwa ni mwingine.

Vipimo navyo vina lugha yake. Uingereza himoglobini inaandikwa kwa gramu kwa lita. Ukisoma 82, hiyo ni 8.2 yetu. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, nayo inaandikwa kwa mmol/mol, na mpaka wa kisukari ni 48, sawa na asilimia 6.5. Andika karatasi moja ya vipimo vya kawaida kwa vizio vyao, ibandike ukutani, na uache kutafsiri kichwani. Siku ya mtihani dakika moja haina nafasi ya hesabu.

Maswali ya maadili, usiyasome kama mtoto wa nyumbani

Mwana anakufuata koridoni: "Daktari, mama asiambiwe kwamba ni saratani, atakufa kwa hofu." Wengi wetu tumekubali ombi hilo, tukaona ni upole. Katika PLAB, mama mwenye akili timamu ndiye mwenye habari zake. Jibu bora kwa kawaida ni lile linalomsikiliza mwana na hofu yake, kisha linamuuliza mama mwenyewe angependa kujua kiasi gani na nani awe naye. Jibu linalomkatalia mwana kwa ukali nalo huwekwa hapo kama mtego, na jibu linalomficha mama ni mtego mwingine.

Maswali ya usiri yana ngazi, na unachoulizwa ni uko ngazi ya ngapi. Mgonjwa wa kifafa anaendelea kuendesha gari. Kwanza unamweleza kwamba sheria inamtaka aache kuendesha na kuijulisha DVLA, mamlaka ya leseni za udereva. Akikataa, unajitahidi kumshawishi. Akiendelea kuendesha licha ya hayo, unaijulisha mamlaka mwenyewe, na unamweleza mgonjwa kwamba umefanya hivyo. Majibu matano huwa ni ngazi hizo zimechanganywa. Anayerukia kupiga simu DVLA wakati kisa kinasema ndiyo kwanza mgonjwa amepata jibu la ugonjwa, amekosa, ingawa hatua hiyo ipo kweli.

Kwa eneo hili soma mwongozo wa GMC wenyewe wa maadili ya udaktari, toleo lililoanza kutumika Januari 2024. Unapatikana bure na hauchoshi.

Daftari la makosa

Nunua daftari la kawaida la shule. Kila swali ulilokosa au ulilositasita lipe mistari mitatu: nilichagua nini na kwa sababu gani, kitu gani ndani ya kisa kilipaswa kunizuia, kanuni kwa sentensi moja. Usinakili maelezo marefu ya benki ya maswali. Ukinakili unapumzisha akili na kuchosha mkono.

Kisha weka herufi ya aina ya kosa. Mimi nilitumia nne. J: sikujua kabisa. S: nilijua nikasahau. K: nilisoma kisa vibaya au nikajibu kisichoulizwa. M: nilibaki na mawili nikachukua lisilo sahihi.

Faida inaonekana baada ya wiki mbili unapohesabu herufi, kwa sababu kila aina ina dawa yake. J nyingi katika eneo moja, tuseme magonjwa ya akili, maana yake uache maswali siku mbili ukasome somo hilo. S inatibiwa kwa kurudia: siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, ya ishirini na moja. K haitibiwi kwa kusoma zaidi hata kidogo. Inatibiwa kwa kupunguza mwendo, kuanza na sentensi ya mwisho, na kutofanya maswali ukiwa umetoka zamu ya usiku. Nilipohesabu zangu, K na M zilikuwa zaidi ya nusu. Kwa miezi nilikuwa nikitibu kosa la kusoma vibaya kwa kuongeza kusoma.

M inataka kazi ya pekee. Yale mawili yaliyokushinda yaandike uso kwa uso na utafute alama moja inayoyatenganisha. Kupooza uso kwa neva ya saba dhidi ya kiharusi: paji la uso linakunja au halikunji? Kama paji nalo limepooza, tatizo liko kwenye neva. Kama linakunja, angalia ubongo. Kurasa zangu za mawili-mawili zilifika arobaini hivi, na ndizo nilizozirudia kuliko kitu kingine chochote.

Jihadhari na majibu yaliyozeeka

Benki za maswali na faili zinazosambazwa zina majibu ya miaka mingi. Chukua maumivu ya kichwa yanayolipuka ghafla kama radi. Zamani kila aliyekuwa na picha safi ya CT ya kichwa alichukuliwa maji ya uti wa mgongo. Mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unasema CT ikifanyika ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze na ikawa safi, kuchukua maji ya uti si jambo la kawaida tena. CT ikifanyika baada ya saa 6 ndipo unafikiria kuyachukua, na unasubiri angalau saa 12 zipite tangu kuanza kwa maumivu. Kwa hiyo muda uliotajwa kwenye kisa ndio swali lenyewe.

Au mzio mkali unaoziba pumzi. Adrenalini mikrogramu 500 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, hilo halijabadilika. Lakini tangu 2021 baraza la ufufuaji la Uingereza limeziondoa dawa za kuzuia mzio katika matibabu ya mwanzo, na haidrokotizoni haitolewi tena kama desturi. Wengi wetu bado tunazivuta zote tatu kwa pamoja.

Kila jibu la benki likigongana na ulichokisoma, fungua NICE au BNF, kitabu cha dawa cha Uingereza, uone tarehe. Dakika tano hizo si za kupoteza.

Yako pia makundi ya simu yanayosambaza maswali yaliyokumbukwa na waliotoka mtihanini. Kaa mbali nayo. Kusambaza maswali ya mtihani ni kuvunja kanuni za GMC na kunaweza kukugharimu usajili unaoutafuta. Isitoshe, aliyekumbuka swali mara nyingi amesahau lile neno moja lililobeba jibu.

Ratiba ya mtu mwenye zamu

Kwa miezi minne, wiki sita za mwanzo fanya maswali kwa mada, bila saa, 20 hadi 30 kwa siku. Kuanzia hapo changanya mada, kwa sababu mtihani hautakuambia kwamba swali linalofuata ni la figo. Wiki zinazofuata weka saa: 30 kwa dakika 30, halafu 60 kwa saa moja. Siku ya zamu ya usiku usifanye maswali mapya. Soma kurasa tano za daftari tu. Mwezi wa mwisho fanya mitihani kamili mitatu au minne ya maswali 180 kwa kikao kimoja, saa ileile utakayofanya mtihani, bila simu na bila chai. Uchovu wa swali la 140 huwezi kuuelewa mpaka uupitie.

Kama una mwenzako anayejiandaa, pigianeni simu mara mbili kwa wiki. Mmoja asome kisa, mwingine aseme kwa nini manne si bora. Ukishindwa kumweleza mwenzako kwa Kiswahili cha kawaida, bado hujaelewa. Mimi nilifanya hivyo na rafiki aliyekuwa mkoa mwingine, na mengi niliyodhani nimeyajua yaliporomoka ndani ya dakika ya kwanza.

Siku yenyewe

Lenga uwe swali la 63 au 64 saa ya kwanza inapoisha. Ziada hiyo ndogo ndiyo akiba ya kupitia. Swali likizidi dakika moja na nusu, chagua lililo karibu, weka alama, songa mbele. Usiache hata moja wazi. Ukirudi kupitia, badilisha jibu pale tu unapoweza kuonyesha neno katika kisa ulilokuwa umeliruka. Wasiwasi mtupu hautoshi.

Ukitoka, simu italia. Wenzako wanaofanya awamu ijayo watataka kujua yaliyotoka, na watauliza kwa unyenyekevu kiasi cha kukutia aibu kukataa. Usiwaambie. Wape lile daftari la makosa. Hilo uliliandika mwenyewe, na halivunji kanuni ya mtu yeyote.